Heshima Ilipokaa Begani

Katika msafara wa Wanyamwezi hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Mpagazi aliyempita njiani hakupigwa. Mshale mmoja ulichomolewa podoni mwake ukahifadhiwa. Jioni kambini, mizigo ikishatuliwa, ukatolewa mbele ya wenzake uwe shahidi, naye akalipa faini. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyeingia Tabora Novemba 1857, mji ulipokuwa bado ukiitwa Kazeh, aliligusia jambo hili kwa maneno machache kisha akaendelea na habari nyingine. Mimi limenikaa moyoni. Kosa lilikuwa la heshima tupu, maana aliyempita kirangozi hakuiba kitu wala hakumwumiza mtu. Hata hivyo lilikuwa na ushahidi wake, na shauri lake likangojewa mpaka kazi ya siku imalizike. Watu waliotunga sheria ya namna hiyo walikuwa wameifikiria heshima kwa muda mrefu.

Nakaa Kitete, hapa Tabora. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, ilifika huku kisha ikagawanyika: moja ikashika magharibi kwenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Ukitaka habari za mashujaa wa Tabora, utasimuliwa watemi waliopigana na utatajiwa wageni waliopita. Mpagazi hutajwa kwa wingi tu, kama vile hakuwa na jina wala ufundi, mtu wa kuhesabiwa pamoja na mizigo. Nataka nimwangalie yeye, taratibu, na pembeni nimweke Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, kwa sababu sijaona mtunzi aliyejua kuliko yeye jinsi heshima inavyogawanywa, inavyoporwa na inavyodaiwa.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mtumba wa nguo uliotoka pwani, merikani au kaniki, ulikunjwa, ukashindiliwa kwa kupigwa mpaka ukawa mgumu kama gogo, ukaviringwa mkeka na kukazwa kwa kamba. Uzito wake ulikuwa kama kilo 30. Kisha ukabanwa kwa vijiti virefu vilivyotokeza upande mmoja. Hapo ndipo penye akili ya kazi. Vijiti vile viliuwezesha mtumba kusimamishwa wima ukiegemea mti, nguo zisiguse unyevu wa ardhi, na mpagazi aliyetaka kuondoka alisogeza bega chini yake akaunyanyua bila kuinama mpaka chini. Mtu anayebeba kilo 30 kutwa hawezi kuuchezea mgongo wake kila anapopumzika. Yeyote aliyebuni vijiti vile aliokoa migongo mingi, na jina lake halimo katika kitabu chochote.

Waya za shaba zilizosokotwa duara zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Ushanga ulitiwa mifukoni. Pembe ya ndovu ya uzito wa wastani ilikaa begani mwa mtu mmoja, na ile kubwa ikatundikwa kwenye mzegazega, ikabebwa na wawili. Pembe haishikiki kirahisi. Imepinda, inateleza, na uzito wake haukai katikati, kwani upande wa shina ni mnene na ncha ni nyembamba. Wawili wanaoibeba lazima waende hatua moja. Mmoja akijikwaa, mwenzake anavutwa. Mbeba pembe alifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha, na upande wa nyuma akatundika vitu vyake vya safari, yaani mkeka na chombo cha kupikia. Kwa hiyo uzuri wa mzigo, yaani ule mlio uliosikika kabla msafara haujaonekana, na mahitaji ya maisha vilifungwa kwenye pembe ile ile.

Wabeba pembe walitembea mara tu baada ya kirangozi. Yeye alivaa kitambaa chekundu kilichotobolewa shimo la kupitishia kichwa, na kichwani aliweka ngozi ya mbega au manyoya ya ndege. Mitumba na ushanga vilifuata. Nyuma zaidi zilikuja ngozi, chumvi, tumbaku na majembe, halafu wake na watoto, kwa kuwa wengi walisafiri na jamaa zao. Baragumu la pembe ya tandala lilipolia, kila mmoja alijua pa kusimama. Na walipokaribia mji mkubwa walisimama kwanza, wakatoa nguo nzuri walizozihifadhi njia nzima wasizivae hata siku ya baridi, wakaingia kwa milio ya bunduki. Wageni wengi waliona hayo kuwa majivuno ya kitoto. Nadhani hawakuelewa kwamba kuingia mjini kulikuwa sehemu ya kazi, sawa na kubeba. Mtu aliyetembea miezi miwili au mitatu alikuwa na haki ya kuonekana amefika.

Katika wimbo wa 12 wa Iliad, utenzi wa Homer, Sarpedon wa Lycia anamwuliza rafiki yake Glaucus kwa nini wao wawili hupewa viti vya mbele, nyama nzuri na vikombe vilivyojaa, na kwa nini watu wao huwatazama kama miungu. Jibu lake ni kwamba wamepewa ili wasimame mstari wa mbele vita vinapowaka, na wasipofanya hivyo hawastahili hata kimoja. Naipenda hotuba hii kwa kuwa ni hesabu iliyo wazi. Kwa Homer, heshima ina mahali pa kukaa, ina kipande cha nyama, ina kikombe. Inaonekana kwa macho. Mbeba pembe alikuwa na hesabu kama hiyo: alitangulia kwa sababu mzigo wake ulikuwa mzito na wa thamani kuliko yote, na kengele yake ilimkumbusha yeye na wenzake kwa nini ametangulia. Tofauti ni kwamba Sarpedon alirithi kiti chake. Mbeba pembe alikipata kwa bega.

Alianza utotoni. Watoto wa Unyamwezi walitwishwa vipembe vidogo wangali wadogo, na Alfred Swann, baharia wa kimisionari aliyefika nchi hii mwaka 1882, aliandika kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa kabla ya kupeleka pembe pwani na kurudi na mzigo wa nguo au shaba. Huenda alizidisha kidogo, kama wageni wanavyozidisha, lakini maana yake haina shaka. Pwani ilikuwa mtihani. Aliyerudi alisikilizwa barazani. Na alirudi akijua mengi kuliko mzigo: visima vya Ugogo na hongo (ushuru wa kupita) ya kila mtemi, lugha za njiani, na namna ya kugawana kibaba cha nafaka mvua ikiwa imeharibu njia.

Kiini cha Iliad ni ugomvi wa fungu. Agamemnon, mkuu wa majeshi, ananyang'anywa sehemu yake ya nyara, naye kwa hasira anachukua ya Achilles. Achilles anaanza kuchomoa upanga, kisha anaurudisha. Anakwenda kukaa kando ya merikebu zake na kukataa kupigana, na Wagiriki wanaanza kufa. Katika wimbo wa 9 wajumbe wanatumwa kwake na orodha ndefu ya zawadi, dhahabu, farasi, hata binti wa kuoa, naye anakataa zote. Wasomaji wengi humwona mkaidi. Mimi nilimwelewa zaidi niliposoma malalamiko ya wasafiri wa karne ya 19 juu ya wapagazi wao, kwa maana kurasa za Burton na Henry Stanley zimejaa watu wanaotua mizigo na kukataa kuinuka, au wanaotoweka usiku. Waandishi hao waliyaita hayo uvivu au usaliti. Nikisoma upya naona mara nyingi kilichotangulia: posho iliyopunguzwa, mgonjwa aliyetandikwa, siku ya mapumziko iliyovunjwa bila shauri. Kutua mzigo chini ya mti kulikuwa ni kufanya alichofanya Achilles. Kulimwonyesha mwenye msafara, kwa njia asiyoweza kuikana, kwamba bila bega lile bidhaa zake ni rundo la nguo porini. Kiongozi mwenye busara alikwenda kukaa nao chini, akazungumza nao, akarudisha kilichopunguzwa.

Heshima ya mpagazi ilisimama juu ya haki hii ya kukataa. Hilo lilidhihirika haki ile ilipoondoka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kazi ya pembe ikaisha. Vita Vikuu vilipozuka miaka miwili baadaye, pande zote zilikamata watu kwa nguvu wabebe risasi na unga, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mzigo ulikuwa ule ule wa kilo 30, au pungufu. Hakukuwa na kirangozi mwenye ngozi ya mbega, wala kengele, wala nguo nzuri ya kuingilia mjini. Kinachomtofautisha mpagazi wa 1870 na yule wa 1917 hakimo katika uzito.

Lazima niseme pia kwamba barabara hii haikuwa safi. Ilibeba watumwa, na pembe nyingi zilipatikana kwa bunduki na moto huko Manyema, magharibi ya ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliokubaliana malipo, lakini walitembea njia moja na waliofungwa minyororo, na nyumbani wapo walionunua watumwa wa kulima mashamba yao wakiwa safarini. Homer naye hafichi. Fungu lililowagombanisha Achilles na Agamemnon ni Briseis, mwanamke aliyeuawa mume na kaka zake na kugawiwa kama ng'ombe. Mshairi anampa nafasi ya kulia, katika wimbo wa 19, mbele ya maiti ya Patroclus, rafiki wa Achilles, na wanawake wengine waliotekwa wanalia pamoja naye, kila mmoja akiomboleza yaliyompata mwenyewe. Ni mistari michache, lakini baada ya kuisoma huwezi tena kuitazama heshima ya mashujaa wale kama kitu kisicho na gharama kwa wengine.

Jambo moja walilokuwa nalo watu wa barabara hii, Wagiriki wa Homer hawakuwa nalo: utani. Wanyamwezi waliopita kwa Wazigua, Wazaramo, Wakwere na Wasagara waliishia kuwa watani wao, na utani huo upo hadi leo, hasa misibani, ambapo mtani anaweza kudai, kukebehi na kuchukua kitu bila kukasirikiwa. Fikiria ugumu wa mamia ya vijana wenye njaa na fahari kupita katika nchi ya watu kila kiangazi. Kila neno lingeweza kuwa tusi na kila kuku aliyepotea angeweza kuwa vita. Utani uliiweka heshima mahali ambapo dhihaka haikuweza kuijeruhi. Mimi nauhesabu kuwa ufundi mkubwa kuliko wa kufunga mtumba, na umedumu kuliko himaya zote zilizopigania barabara hii.

Watemi nitawapitia upesi, kwa kuwa wana wasimulizi wao. Mirambo wa Urambo alifunga barabara mwaka 1871 na kuichoma moto sehemu ya mji wa Tabora Agosti ya mwaka ule, na Stanley alikuwa upande wa Waarabu katika vita hivyo. Aprili 1876 wawili hao walikutana Serombo wakachanjana, damu ya huyu ikatiwa kwa yule, wakabadilishana zawadi. Yeyote anayeijua Iliad atawakumbuka Glaucus na Diomedes katika wimbo wa 6, maadui wanaogundua katikati ya uwanja wa vita kwamba babu zao walikaribishana, wakashikana mikono na kubadilishana silaha. Mirambo alifariki Desemba 1884. Isike wa Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji wa Tabora, ngome yake ilipovunjwa na Wajerumani Januari 1893, aliwasha baruti akiwamo ndani, akakataa kutekwa. Homer angewafahamu wote wawili.

Lakini tendo kubwa kuliko yote lililopita Tabora lilifanywa na wapagazi, na walilifanya kwa ufundi wa upagazi.

David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu. Watu wake wangeweza kumzika pale na kurudi Zanzibar kudai mishahara. Walikaa wakashauriana, kisha wakaamua kumrudisha kwa watu wake. Walioongoza ni Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana mdogo mwaka 1861. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alipasua mwili. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, mmoja wao, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa wiki mbili. Ukakunjwa miguu, ukaviringwa kaliko, ukatiwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebwa na wawili. Angalia hatua zile. Ni kazi ya watu waliofunga mizigo maisha yao yote. Kulinda kitu dhidi ya maji, kukipunguza urefu, kukipa umbo linaloweza kupita kwenye vichaka, haya yote walishayajua kwa nguo na pembe.

Walitembea miezi mitano kabla ya kufika Unyanyembe. Walizunguka ziwa, waliugua, walipigana na kijiji kimoja njiani, na walifika Kwihara, karibu na Tabora, Oktoba 1873. Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa na Waingereza kumtafuta Livingstone akiwa hai. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa Unyanyembe. Ulikuwa ushauri wa maana: njia iliyobaki ilikuwa ndefu, na wenyeji wa njiani hawakupenda maiti ipite kwao. Susi na Chuma walikataa. Hawakugombana naye, walisema tu kwamba wataendelea.

Nikiwa Kwihara huwa nafikiri juu ya kukataa kule zaidi ya kitu kingine chochote. Katika Iliad, kumrudisha maiti kwa watu wake ndiyo kazi ya mwisho ya heshima. Watu wengi wanakufa wakigombea mwili wa Patroclus, na shairi zima linaelekea mwisho pale mzee Priam anapokwenda usiku kwenye hema la Achilles, aliyemwulia mwana, akaibusu mikono yake ili apewe mwili wa Hector. Priam ni mfalme na ni baba. Susi na Chuma hawakuwa ndugu wa marehemu, mkataba wao ulikuwa umekufa pamoja naye, na mtu mwenye cheo alikuwa amewapa ruhusa ya kuacha. Wajibu ule ulitoka kwao wenyewe.

Na Kasekera, mbele kidogo ya Unyanyembe, ufundi ulifika kilele chake. Wanakijiji waliposikia kilichomo kwenye mzigo waliwazuia. Wapagazi wakatangaza kwamba wamekubali kumrudisha Unyanyembe azikwe. Usiku waliutoa mwili ndani ya gome, gome wakalificha, wakaufunga upya kwa nguo mpaka ukawa kama mtumba wa kawaida wa biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayakata kwa kipimo cha mtu, wakayaviringa sanda kwa uangalifu wote, na baadhi yao wakaondoka nayo kwa huzuni kurudi Unyanyembe, watu wakiwatazama. Walipofika mbali porini walitawanya mabua moja moja ili kusibaki alama, wakarudi kwa njia nyingine. Asubuhi msafara ulipita ukiwa na mzigo mmoja zaidi wa nguo. Hakuna aliyeuawa wala aliyetukanwa, na wanakijiji walibaki na imani yao. Odysseus, bingwa wa hila wa Wagiriki, alijificha ndani ya farasi wa mti ili mji wa Troy uchomwe moto. Hila ya Kasekera naiweka juu ya ile.

Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Wapagazi walilipwa mishahara yao na kuagwa pale pwani. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi London, na alikuwa miongoni mwa walioshika sanda ya jeneza katika maziko ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma waliitwa baadaye, kwa gharama za rafiki wa marehemu, wakakuta kaburi limeshafunikwa. Walikaa na Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone, wakamsimulia safari nzima. Habari za mabua ya mtama tunazipata kutoka vinywani mwao kupitia kalamu yake. Wakiwa huko Uingereza waliulizwa kibanda alichofia bwana wao kilikuwaje. Walikusanya miti na nyasi, wakakijenga pale pale.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza nishani kwa ajili ya waliobeba, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe, lakini watu wengi walikuwa wameshatawanyika na hawakuonekana tena. Mwaka 1879 jumuiya hiyo hiyo ilipotuma msafara mwingine kutoka Dar es Salaam, Chuma ndiye aliyekabidhiwa kuuongoza, na ndiye aliyeajiri wapagazi Zanzibar, karibu 150. Kiongozi wa Kizungu, Keith Johnston, alifariki Behobeho kabla ya kufika mbali. Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akabaki na msafara mikononi. Chuma aliupeleka mpaka Nyasa na Tanganyika, akaurudisha pwani mwaka 1880 kwa njia ya Tabora.